Mwanafunzi wa Kompyuta

Fundi cherehani alikuwa amepania kusinzia ndani ya treni mpaka kituo cha sokoni, lakini maneno ya kiti cha mbele yalimfukuza usingizi wote. Mzee mmoja mchomeleaji vyuma, mikono imejaa makovu ya cheche, alikuwa akimweleza muuguzi aliyeketi naye habari za binti yake, anayesoma kompyuta chuo kikuu kwa mtandao.

"Kila dakika kumi lazima ubonyeze kitufe, chuo kijue upo. Mtoto alikuwa kazini dukani, basi nikawa nambonyezea mimi. Sasa, dada yangu, ukae saa mbili unabonyeza tu, masikio utayaweka wapi? Nikasikiliza. Nikafanya mazoezi. Mwishowe nikafanya na mtihani."

"Mungu wangu! Mtihani wa mtoto?" Muuguzi alijishika kifua. Wagonjwa wake, fundi aliwaza, hawajawahi kumwona amebabaika hivyo.

"Hisabati, tisini na moja," alisema mzee, kwa aibu iliyoshindwa kuficha tabasamu.

"Baba, huo ni wizi! Mrudishie mwanao masomo yake leo hii."

Mzee alishusha sauti, na fundi akarefusha shingo bila haya. "Ameshayadai. Ameacha hata kazi ya duka ili aingie darasani mwenyewe. Ila neno la siri nimelibadilisha."

Treni iliposimama, mzee alikuwa ameshafika mlangoni.

"Niwie radhi, dada. Kipindi kinaanza saa nne."