Kaka Yetu na Nukta Iliyokimbia

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa dini, majirani na wote mliofika, nasimama kwa niaba ya familia kusoma maisha ya kaka yetu mkubwa, tuliyemwita Profesa tangu utoto ingawa hakuwa profesa, nami naomba mnivumilie, maana shule niliiacha njiani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1968, akahitimu chuo kikuu mwaka 1985 katika hesabu, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika maabara ya jeshi, ingawa karatasi ya kwanza niliyoandika ilisema ofisi ya takwimu, shemeji akaichana, akaniambia nisimzike mumewe na uongo.

Kazi yake ilikuwa kuigiza makombora kwenye kompyuta, kombora likiwa mstari, shabaha ikiwa nukta, akipima lipi ni bora, kombora kuelekezwa pale nukta ilipo au pale itakapokuwa, nasi kwenye sherehe tulimtania, Profesa, leo umekosa ngapi, tukacheka.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1990, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2003, siku ya familia kutembelea kazini, mkewe alimwuliza ndani ya nukta ile amekaa nani, naye Jumapili iliyofuata akatuambia anataka kuacha kazi, tukaitisha kikao, na mimi ndiye niliyetangulia kusema, kaka, kazi ni kazi, wewe hujarusha hata jiwe, akatusikiliza, Mungu atusamehe, akabaki.

Ndipo akaomba apewe upande wa nukta, aifundishe kukwepa, wenzake wakamtania kwamba mzee kahamia kwa adui, naye akatembea kama mtu aliyetubu, kumbe kila hila aliyoipa nukta, kombora nalo lilirekebishwa mpaka likaijua, akastaafu mwaka 2021 akiwa amelinoa kuliko wote.

Aliugua figo Februari 2023, akafariki alfajiri ya tarehe 4 Juni, na kitandani aliomba haya yasomwe mbele ya watu bila kupambwa, kwa sababu waliokaa ndani ya nukta hakuwajua, na hakupata wa kumwomba radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, mliokuja na kukaa kule nyuma.

Kaka, pumzika kwa amani, na lile swali la mkeo tuachie sisi.