Mastas ya Lynette na Fahali Aliyeitwa Injini

Kijiwe chetu kiko pale unapokata kona kuingia Shieywe, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Benchi ni mbao moja ndefu juu ya matofali, na mwenye birika ni Osundwa, mtu wa Mumias, anayeuza kahawa chungu yenye tangawizi tangu asubuhi mpaka mvua ya alasiri imfukuze. Ukizoea kukaa hapa utapewa jina, upende usipende. Willis wa bodaboda ni Redio, maana habari hailali ndani yake. Wanyonyi kinyozi ni Mahakama, maana kila neno analikatia hukumu. Mimi ni Soli. Kati ya wanaoketi benchini, Shikanga peke yake hana jina la utani. Alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka akastaafu, na ni mkimya, hana pa kumshikia. Nawapenda watu hawa kwa moyo wote, ingawa kwa akili zao singewaachia hata kiatu kimoja wanilindie.

Jumamosi hiyo Shikanga alikuja amevaa shati la kanisani. Jioni ndugu zake walikuwa wanakuja kula ingokho kwa heshima ya binti yake Lynette, aliyemaliza shahada ya uzamili. Kwa kina Shikanga, kuku hakatwi kabla baba hajasimama akasema mtoto amekuwa nani. Na kila ndugu alijua kwamba karo ya Lynette ilitokana na kuuzwa kwa fahali wa kupigana, Injini, aliyekuwa fahari ya boma lile. Wangetaka kusikia Injini amegeuka kuwa nini. Shikanga mwenyewe hakujua.

Shikanga: Nisaidieni maneno. Jirani yangu kijana yake alisomea udaktari. Baba akasimama akasema, "Huyu ni daktari," akakaa. Makofi! Sasa mimi nikisimama, nitasema huyu ni nani?

Mahakama: Kwani alisomea nini haswa?

Shikanga: Maendeleo ya mahali pa kazi.

Mahakama: Kazi? Kazi inafanywanga, mzee. Haisomwangi.

Osundwa: Wallahi, mimi niko kazini tangu nioe, na sijaona mahali pangu pa kazi pakiendelea. Birika ni hii hii, kona ni hii hii.

Redio: Mzee, kabla hujapanga hotuba, nikuambie kitu. Nimetoka Khayega asubuhi. Injini imepigana.

Shikanga alishika kikombe kwa mikono miwili.

Shikanga: Imeshinda?

Redio: Aah! Ile ingine imekimbia mpaka ikaingia shamba ya mahindi ya wenyewe! Ngoma za isukuti zikalia, watu wakabeba mwenyewe wa sasa juu juu, wanaita jina yake mpaka barabarani.

Shikanga: Jina yake.

Redio: Ndio. Yake. Pole, mzee.

Shikanga aliweka kikombe chini, kahawa haijaisha, na roho iliniuma. Mtu mwingine angekomea hapo. Lakini Redio ukishaiwasha, pa kuizimia hakuna.

Redio: Na kuna ingine. Jana nilipeleka mgonjwa kwa ile hospitali Lynette anafanyanga kazi. Nikamwona huko nyuma, kwa dobi. Amekaa juu ya ndoo imepinduliwa, na wale mama wa kufua mashuka. Amekunja mikono ya blauzi, anacheka nao!

Mahakama: Kwa dobi? Si yeye alikuwanga kaunta ya malipo, kwa kiti ya kuzunguka?

Redio: Saa hii ni ndoo.

Shikanga: Aliniambia wamempandisha.

Hakuna aliyetaka kumtazama usoni. Mahakama akakohoa vile anavyokohoa kabla ya hukumu.

Mahakama: Wamemshusha, hiyo haina rufaa. Amesoma akapita wakubwa wake, wakaingiwa na baridi. Ndio wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo imeingilia wapi, Mahakama?

Mahakama: Kibaba kikijaa, Soli, kinamwagwa!

Osundwa: La. Huyo ametumwa. Ni mpelelezi. Hospitali inapoteza mashuka, nao wakubwa wametaka mtu msomi akae pale acheke na watu huku anahesabu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ungeenda kumtafuta wapi, kama si kwa nguo?

Redio: Nyinyi wazee hamuonangi mbali. Huyo anatafuta kura! Nani anakaanga na mama wa dobi bure? Leo ndoo, uchaguzi ukifika ni MCA. Mimi nishajipa udereva wake.

Mahakama: Wa pikipiki?

Redio: Kila msafara unatanguliwanga na pikipiki, buda.

Tulicheka, hata Shikanga akajaribu. Lakini Mahakama alikuwa amepata wazo, nalo lilimfanya asogee karibu kama mganga.

Mahakama: Mzee, nikuulize kama shahidi. Siku ulipouza Injini, uliiaga?

Shikanga: Kuiaga vipi?

Mahakama: Ng'ombe ya kupigana haiuzwangi kimyakimya. Unaipigia isukuti, unaiambia inaenda kwa nani na ni kwa sababu gani. Uliiambia ni ya masomo ya Lynette?

Shikanga: Nilimkabidhi mnunuzi kamba asubuhi. Nikaangalia kando.

Mahakama: Basi! Kesi imeisha! Injini haikujua imetoka kwa sababu ya shule. Imebeba baraka zote ikaenda nazo. Ndio maana huko inashinda, na huku mtoto anakalia ndoo!

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini upuuzi wenye mpangilio. Shikanga aliuamini kabisa. Niliona usoni mwake mtu anayehesabu kosa lake.

Shikanga: Na haiwezi kuambiwa saa hii?

Redio: Kwa nini haiwezi? Nakupeleka Khayega, unainong'onezea kwa sikio, tunarudi mvua haijanyesha.

Mzee wa watu akasimama. Akapokea helmeti ya Redio, akaivaa juu ya shati lile la kanisani, tayari kwenda kumwomba msamaha ng'ombe wa mtu mwingine. Alikuwa akihangaika na mkanda wa kidevuni wakati Lynette alipotokea sokoni na mfuko wa nyanya na vitunguu vya jioni.

Lynette: Mulembe, Papa. Mnaenda wapi na helmeti?

Bahati mbaya Osundwa hajui kusema uongo, na kimya nacho humshinda. Alimwaga yote: dobi, ndoo, upelelezi, kura na baraka zilizopotelea Khayega. Lynette alicheka hadi nyanya moja ikaanguka. Kisha akamtazama baba yake, na kicheko kikaisha.

Lynette: Papa, ulidhani nimeshushwa?

Shikanga: Mtu na mastas yake, juu ya ndoo?

Lynette: Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nikiwa kaunta nilikuwa naona watu kupitia kwa dirisha tu. Sasa nimepewa wafanyakazi wote wa pale: dobi, jikoni, walinzi, hata mapokezi. Naenda nakaa nao, nawauliza swali moja, halafu natafuta njia na wakubwa. Navalayo wa dobi anaanza Jumatatu kufundishwa ile mashine ya kuua viini kwa vyombo vya upasuaji. Ameitamani tangu aajiriwe.

Mahakama: Swali gani hiyo moja, ya kusomewa mpaka mastas?

Lynette aliweka mfuko chini. Akavuta mtungi mtupu wa Osundwa wa maji, akaukalia hapo mbele yetu.

Lynette: Kwa kazi yako, ni kitu gani ulitamani kufundishwa, na hakuna mtu akakufundisha?

Mahakama alitoa kitana mfukoni, akaanza kuhesabu meno yake. Redio alianza kufuta tope kwenye pikipiki kwa kidole. Osundwa akapangusa kikombe kilichokuwa safi. Mimi nilibaki na sindano mkononi. Maisha yangu yote nimeshona viatu vilivyochakaa vya watu, na sijawahi kutengeneza kiatu kipya hata kimoja. Nilikuwa sijawahi kukiri kwamba nalitaka hilo.

Lynette: Na wewe, Papa? Pale kiwandani?

Shikanga aliketi polepole, helmeti bado kichwani.

Shikanga: Hakuna mtu ameniulizanga.

Lynette: Najua. Ndio nakuuliza.

Upepo wa mvua ulishaanza kupeperusha vumbi la barabara. Osundwa aliinamisha birika ampe mzee kikombe kingine, yakatoka machicha matupu.

Shikanga: Kreni. Ile ya kuinua miwa. Mimi nilikuwanga chini yake, naokota zile zimeanguka. Miaka yote naokota, naangalia juu. Hata mama yako sikumwambia.

Lynette alimshika goti, macho yake mwenyewe yamejaa machozi. Hakumpa pole wala hakumwambia bado kuna nafasi. Alikaa naye tu juu ya mtungi ule, na nadhani hivyo ndivyo anavyokaa na wale mama wa dobi.

Matone ya kwanza yakaanguka. Shikanga akavua helmeti, akamrudishia mwenyewe.

Redio: Kwa hivyo Khayega hatuendi?

Shikanga: Wacha Injini ishinde tu.

Mahakama: Na jioni, mzee? Ukisimama utawaambia mtoto ni nani?

Shikanga: Siwaambii kitu. Nitawauliza hiyo swali moja. Nitaanza na kaka yangu mkubwa.

Akaokota ile nyanya, akabeba mfuko mwenyewe, wakaondoka na binti yake bila haraka. Kahawa ilikuwa imeisha na mvua imefika, lakini hakuna aliyekimbilia kibandani. Tulikaa pale benchini tukilowa, kila mmoja akingoja mwenzake ajibu kwanza.