Sylivia Biira, Aliyetuliza Magoti ya Watu

Marehemu Sylivia Biira alizaliwa Mahango tarehe 14 Aprili 1969. Alikuwa msichana wa pili wa mzee Yeremiya na mama Mariat, ndiyo maana kwa desturi yetu akaitwa Biira. Alisoma shule ya msingi hukohuko mlimani, sekondari Kasese, kisha akasomea uuguzi na baadaye kazi ya ganzi. Darasani alisifiwa kwa hesabu. Nyumbani alijulikana kwa ukaidi.

Alianza kazi Bwera mwaka 1996. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Kosmasi, mkulima wa kahawa wa hapa Kitswamba, mtu mpole aliyekubali mapema kwamba hatashinda ubishi wowote. Walijaliwa Bright na Erina.

Mwaka 2016 mdogo wake Maate, ambaye ndiye mimi ninayesoma wasifu huu, alikatika kano ya goti akicheza mpira. Alipasuliwa mbali na hapa, akarudi na tramadol, vidonge vikali vya maumivu ambavyo mwili huvizoea. Goti lilipona, vidonge havikuisha. Mwaka mzima nilivinunua Mpondwe, mpakani, nikiwadanganya nyote. Dada alinichukua kwake akanipunguzia vidonge kidogo kidogo kwa miezi minne, na hakunisema mbele ya watu hata siku moja.

Tangu hapo, katika kliniki alikokuwa amehamia mjini Kasese, waliopasuliwa kano ya goti walichomwa ganzi ya pajani, wakapewa dawa nyepesi kwa saa zake, barafu, na mazoezi kuanzia kesho yake. Tramadol ilikuwa ya aliyezidiwa tu, tena kwa siku mbili. Barafu aliichukua kwa wauza samaki. Swalik, dereva wa lori, alilalamika kwamba goti lake linanuka ngege. Akajibiwa kwamba kilichopasuliwa ni goti, si pua. Swalik yuko hapa leo, na alipanda kilima hiki kwa miguu.

Agosti 2024 dada aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Januari muuguzi alileta morfini ya maji, dawa ya maumivu kali kuliko tramadol, nasi tukakosea. Tulidhani tunalinda mafundisho yake. Erina akaificha chupa. Siku mbili dada aliumia bila kujua dawa imo nyumbani. Alipoambiwa, alicheka kwanza.

"Ile ilikuwa ya goti, na goti inapona," alisema. "Hii haiponi. Muniletee dawa."

Kosmasi akauliza nani ataitunza. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

"Chupa ikae na Maate."

Wote walinitazama. Yeye hakunitazama; alikuwa ameshamaliza neno lake.

Nilimpimia kila baada ya saa nne kwa wiki sita. Alikula, alitania, alimkosoa padri. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 2 Machi 2025, bila maumivu.

Ameacha mama Mariat, mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mimi. Chupa nilimrudishia muuguzi siku hiyohiyo, dawa iliyobaki ikiwa ndani.

Mungu akupe pumziko jema, dada.