Barafu ya Mwalimu Kathambi

Wasifu wa marehemu Mwalimu Jerusha Kathambi Kirigia, unaosomwa na mdogo wake, Gatwiri M'Ikiara

Ndugu na marafiki, mliotusalimia kwa habari na mliotusalimia kwa salaam aleikum, karibuni nyumbani. Kabla sijaanza, tazameni ile meza iliyo chini ya hema. Bunda lile la majani ya mgomba lililofungwa kitambaa chekundu si miraa, kwa hivyo wazee watulie. Ni barafu, na ni ya watoto wa Gredi ya Nne walioketi pale mbele. Mwalimu wao aliwaahidi kwamba wangeigusa muhula huu, na mauti yakamtangulia. Jua la Isiolo mnalijua. Nitasoma upesi, tutamzika dada yangu kwa heshima anayostahili, kisha watoto wapate haki yao kabla haijayeyuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1970 huko Muthara, akiwa kifungua mimba wa Mzee Stanley M'Ikiara na Mama Kiende, ambao wote wawili wametangulia. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kuuliza kabla ya kujua kutembea. Jioni moja alifunua sufuria ya uji mara nyingi mpaka uji ukakataa kuiva, akitaka kujua mvuke unakwenda wapi. Mama akamjibu, "Unaenda kutafuta msichana mwingine wa kunisaidia kupika." Jibu hilo halikumtosha. Alianza kuchunguza matone yaliyoshika kwenye kifuniko, na uji ukaungua.

Alisoma shule ya msingi palepale Muthara, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, kisha akajiunga na sekondari mjini Meru hadi 1989. Mwaka uliofuata alibaki nyumbani kumsaidia Mama shambani. Yeye hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake. Mwaka 1991 aliingia chuo cha ualimu huko huko Meru, akahitimu 1993.

Mwezi wa Januari 1994 alipelekwa kufundisha katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya Garbatulla. Nyumbani tulisema hatamaliza muhula. Barabara ilikuwa mbaya, joto lilikuwa kali, na yeye hakujua neno hata moja la Kiborana. Alifika na sanduku moja, akapewa somo la sayansi katika darasa la tano, na hakuomba uhamisho maisha yake yote.

Mada iliyompa jina ni ile ya hali tatu za vitu: kigumu, kiowevu na gesi. Watoto walikubali kwamba jiwe ni gumu, maziwa hutiririka na mvuke wa chai hupaa. Walichokataa ni kwamba maji hayo hayo yanaweza kuwa vyote vitatu. Msichana mmoja, Kabale, alisimama akasema, "Mwalimu, maji ni maji tu. Hata uichape aje, haiwezi kuwa mawe." Darasa zima lilimuunga mkono. Kathambi angeweza kuwaambia wakariri kama kitabu kilivyosema, na mtihani wangeupita. Lakini hakutaka mtoto aamini kitu kwa sababu tu mwalimu amesema. Siku hizo hapakuwa na friji karibu na shule ile, kwa hivyo barafu ilibidi itoke Isiolo.

Hapo ndipo shemeji yangu Julius Kirigia anapoingia. Alikuwa akipakia miraa hapa mjini, na kila mtu anajua kwamba hakuna gari linalokimbia kama gari la miraa, maana mzigo ukinyauka hauna mnunuzi. Kathambi alimwendea akamuuliza kama anaweza kusafirisha barafu. Kirigia hakuwa na ujuzi wa barafu, ila kufunga miraa alijua. Alilizungushia pande la barafu unga wa mbao, akaliweka katika gunia, akalifunika kwa majani ya mgomba na kulikaza kwa kamba za mgomba, vilevile kama bunda la miraa. Kazi yake ilikuwa safi mno. Kule Garbatulla mama aliyepokea mizigo aliliweka pamoja na mabunda mengine, na Mzee Roble, mfanyabiashara wa ngamia, akalichagua kwa sababu lilikuwa zito kuliko yote.

Alipolifungua mbele ya wenzake, walikuta majani yaliyolowa na unga wa mbao. Yule mama akakumbuka mzigo wa mwalimu, naye Mzee Roble akalibeba mpaka shuleni, maji yanachuruzika njia nzima. "Salaam aleikum, mwalimu," akasema. "Hii miraa yenu ya leo ni maji imevaa majani." Kathambi aliomba msamaha, akatuma watu wakamtafutie bunda lake halali, kisha akawaonyesha watoto yale majani. Akawaeleza kwamba asubuhi ile maji yaliyoyalowesha yalikuwa jiwe. Kabale akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, hata mimi naweza kukuletea maji niseme ilikuwa ngamia." Dada yangu alicheka mpaka akaketi. Alipomaliza kucheka aliwaahidi kwamba hakuna mtoto wa darasa lake atakayeondoka shuleni hapo bila kugusa barafu kwa mkono wake.

Mara ya pili Kirigia alisafiri na mzigo mwenyewe, amelipakata bunda, na juu yake amefunga kitambaa chekundu ili Mzee Roble asilipende tena. Kilichofika kilikuwa kipande kidogo kama yai. Kilipita mkono kwa mkono, na Kabale alikishika mpaka akapiga kelele, "Inauma!" Kikayeyuka katika sufuria, kikachemka, kikapaa, na kifuniko kikatoa jasho mbele ya macho yao. Mzee Roble naye alikuwepo. Alisema kwamba sasa ameridhika, ila kwa upande wake bado anapendelea miraa.

Mwanamume anayesafiri na barafu hadi Garbatulla hajafuata sayansi peke yake. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997 katika kanisa la Methodisti, Muthara. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gitobu na Kiende. Tangu wakati huo kila mwaka kulikuwa na siku ya barafu, kwa kitambaa kilekile. Hata umeme ulipofika na friji zikaonekana madukani Garbatulla, watoto wa maboma ya mbali waliendelea kuiona barafu kwa mara ya kwanza mikononi mwa Kathambi. Kabale alisoma, akawa mwalimu, akarudi kufundisha katika shule ileile.

Mwezi wa Novemba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alifundisha muhula wa kwanza wote akiwa mgonjwa, na siku ya kufunga shule mwezi wa Aprili akawaambia Gredi ya Nne kwamba siku yao ni muhula wa pili. Mwezi wa Mei alilazwa hapa Isiolo. Madaktari walimpunguzia maji ya kunywa, na kiu ilipozidi muuguzi alimpa vipande vidogo vya barafu avimumunye. Siku moja nilimkuta amekishika kimoja kiganjani, anakitazama kinavyoyeyuka. "Gatwiri," akaniambia, "Gredi ya Nne hawajaiona. Wataniona mwongo." Nilimwambia hakuna anayeweza kumwona mwongo, kisha nikatoka nje nikalia.

Kabale alipomtembelea alimwomba ruhusa ya kulifundisha somo hilo badala yake. Mwanzoni Kathambi alikataa, akasema anarudi. Wiki ya mwisho alimwita tena akamwambia, "Fundisha wewe. Lakini usiwaambie waamini. Wape washike." Alifariki dunia kwa utulivu alasiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, mume wake akiwa kando yake. Tumeumia sana, na hatutajifanya hatukuumia. Lakini Mwalimu Kabale hakutaka somo hilo lifanyike bila mwenyewe kuwepo, ndiyo maana lori la shule limefika hapa leo. Miaka yote hiyo barafu ilisafiri kuwafuata watoto. Leo watoto ndio waliosafiri.

Marehemu amemwacha mume wake, Julius Kirigia, aliyelifunga bunda lile alfajiri ya leo kwa mikono yake. Watoto wake, Gitobu na Kiende. Mjukuu mmoja, anayeuliza maswali mengi na kuturudisha nyuma kwenye uji ulioungua. Mimi mdogo wake. Na wanafunzi ambao wengine wamekuja leo na watoto wao.

Lala salama, dada yangu, mikononi mwa Bwana uliyemwamini. Tukishaweka udongo na kuitikia amina, Mwalimu Kabale, fungua bunda. Watoto wa Gredi ya Nne, njooni karibu na kaburi la Mwalimu wenu, mnyooshe mikono.