Mama Athanas na Zabibu Nyeupe za Ringwani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya Agustina Nyangi Kisyeri, mliyemzoea kwa jina la Mama Athanas, aliyezaliwa Nkende, Tarime, tarehe 4 Machi 1936, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita mwaka 1950, na tarehe 9 Juni 1956 akafunga ndoa na Mogesi Heche wa hapa Ringwani, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1959 mumewe alipata kazi ya reli Dodoma, naye akaajiriwa katika shamba la zabibu, akaanza kwa kuchuma, akaishia kwenye mapipa ya mvinyo, na huko akaipenda zabibu nyeupe iitwayo shenin, yenye ganda jembamba, harufu ya asali na mapera, na ukali usiokwisha hata ikiiva sawasawa, ila ikinyeshewa hupasuka na kuoza upesi. Mwaka 1970 walirudi, mama amebeba pingili za mzabibu ndani ya gunia lililoloweshwa, na kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa mwaka 1974 alilitoa shamba lake la mizabibu, alilolipanda kwa pingili hizo, liwe la wote.

Agosti 1977 kamati ya kijiji iliamua mizabibu ing'olewe ipandwe pamba, mama akaomba aachiwe mavuno hayo tu, na asubuhi ya tarehe 18 wingu zito likatanda, akakimbia nyumba hadi nyumba akipaza sauti, "Tokeni na ndoo, mvua haingoji kikao!", watu wakamiminika, hata mwenyekiti Nikolaus akavua viatu, na tone la kwanza lilipoanguka kichala cha mwisho kilikuwa ndani. Desemba mwenyekiti alionja mvinyo ambao mama aliutengeneza kwa zabibu hizo, akakunja uso, kisha akacheka, "Mama Athanas, huu unauma ulimi halafu unaomba radhi, nani alisema tung'oe?", mizabibu ikaachwa, na mwaka 1979 kiwanda chetu cha mvinyo kikafunguliwa, mama akiwa msimamizi, chupa zikauzwa Mugumu hadi Musoma.

Mei mwaka huu wa 1984 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa Mugumu, akafariki tarehe 14 Agosti saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na ninyi wenzake wa kiwandani, ambao aliwaagiza kutoka kitandani kwamba zabibu zikiiva zisisubiri mazishi yake, nanyi jana mkachuma shamba zima huku mkilia na kuimba.

Mama, mapipa yamejaa, lala salama.