Bunge Tukufu la Kona na Jina la Mwenye Birika

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao ubavuni mwa duka la vyuma, na kwenye egemeo lake limeandikwa neno BUNGE kwa rangi nyekundu. Aliyeliandika ni Brashi, mchora mabango, ambaye hakuombwa na mtu. Wa pili kijiweni ni Spika, karani mstaafu wa mahakama, mwenye sauti ya kengele ya shule. Wa tatu ni Mtambo, fundi redio, bingwa wa kueleza asichokijua. Wa nne ni mimi, fundi saa. Wananiita Dakika, na kalamu hushika mimi kwa sababu mwandiko wangu ni nadhifu. Asubuhi ya kisa hiki mwenye kahawa, mzee anayetuuzia kando ya benchi, hakuwapo mekoni. Manispaa ilikuwa imebandika tangazo kwamba mtaro utachimbwa pale, meko yake na benchi letu viondoke, na mwenye pingamizi alete barua kabla ya saa sita mchana. Macho ya mzee hayamsaidii tena kuandika, kwa hiyo alituachia birika na karatasi, akasema, "Nyinyi ndio Bunge langu, niandikieni," akaenda kushika foleni ofisini kwao. Saa tatu ilikuwa haijagonga. Nalisema hili mapema ili mjue muda tulikuwa nao.

Spika: Kimya kikaoni! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa barua ni kichwa chake. Dakika, andika: "Sisi, Bunge la Kona."

Mimi: Bunge? Si watatucheka huko ofisini?

Brashi: Wacheke nini? Mwaka huu peke yake neno hilo nimeliandika mara saba. Kinyozi wa pale chini, Bunge la Nywele. Chama cha kuzikana, Bunge la Wafiwa. Kadi ya harusi ya binti wa fundi bomba: "Bunge la familia limeketi na kuiridhia ndoa hii." Hakuna aliyecheka. Shangazi mtu alilia.

Spika: Hao wamelitumia ovyo. Bunge lina heshima yake. Lazima pawe na hoja, na wanaoafiki na wasioafiki.

Brashi: Kwani kwa kinyozi hakuna wasioafiki? Hujamwona mtu akijitazama kwenye kioo akishanyolewa?

Mtambo: Hamjui kitu nyote. Shika gazeti lolote. "Bunge lacharuka." "Bunge lanuna." Halafu tazama picha iliyo chini yake: viti vitupu, na mtu mmoja kasinzia. Sasa aliyecharuka ni nani? Viti?

Spika: Ndivyo inavyoandikwa. Unataja nyumba, unawakusudia waliomo.

Mtambo: Na wasipokuwamo?

Spika: Wengi wape!

Hapo tukajimiminia kikombe cha pili, maana kanuni yetu ni kwamba mwenye kikombe kitupu hana ruhusa ya kusema. Nilitazama saa yangu. Saa nne kasorobo, na karatasi nyeupe pe.

Mtambo: Sikilizeni. Neno ni betri. Ukiitia kwenye redio moja, inadumu. Hili la bunge kila mtu kalichomekea waya wake. Kinyozi, wafiwa, maharusi. Hata kundi letu la simu la ukoo linaitwa Bunge, na kazi yake ni kutumiana picha za maua. Chaji imekwisha! Ndiyo maana lile kubwa likipitisha jambo, likifika mtaani ni mkwaruzo tu.

Brashi: Kinyume chake, bwana! Haba na haba hujaza kibaba. Kila ninapoliandika, nguvu inahamia huku. Nikifikisha ukuta wa elfu moja, Bunge lenyewe litakuwa hapa, na wale watakuja kutuomba tusogee wapate pa kukaa.

Spika: Na sheria iko wazi.

Spika akisema sheria iko wazi, jueni ndiyo kwanza anaitunga.

Spika: Penye watu wanne, benchi na ubishi usiokwisha, pana Bunge. Karani wa manispaa akiliona neno hilo ataisoma barua amesimama. Kofia mkononi!

Mtambo: Na mtaro wenyewe utapinda.

Spika: Utapinda! Mkono mtupu haulambwi.

Mimi: Methali hiyo imeingiaje hapa?

Spika: Imeshaingia. Andika.

Nikaandika, na sitajitoa lawamani: nilianza kuamini. Ukishika kalamu ukaandika "Sisi", kifua hupanuka chenyewe. Brashi akadai pawe na "Tukufu". Tukapiga kura, watatu kwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Kichwa cha barua kikala robo ya karatasi, na Brashi akakipigia mistari miwili chini kwa rula. Kufika saa tano na nusu, tulikuwa na sentensi moja: "Bunge Tukufu la Kona linapinga kwa kauli moja kuondolewa kwa mwenye birika."

Ndipo akaja mwanamke mwenye sare ya uuguzi, anahema.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Mimi ni binti wa mwenye kahawa. Baba amekaribia dirishani. Barua iko tayari?

Spika akamkabidhi kwa mikono miwili. Akaisoma kimya, na sisi tukakaa wima tukingoja sifa.

— Bunge Tukufu nimeliona. Lakini dirishani wanataka jina la anayepinga. Baba yangu mmemwandika nani?

Spika akakohoa. Mtambo akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

— Tumemwandika mwenye birika, akasema Brashi.

— Wenye birika ni wengi, baba.

— Sisi humwita Kahawa.

— Najua. Nyinyi yeye huwataja kwa majina, kila usiku kwenye chakula. Na ya wake zenu, na ya watoto.

Binti akachukua kalamu mkononi mwangu, akaegemeza karatasi juu ya lile neno jekundu la benchi, akaandika jina, akaikunja.

— Akirudi, muulizeni mwenyewe.

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Miaka kumi na moja nimekunywa kahawa ya mtu yule. Saa yake ya mkononi nimeitengeneza mara tatu, na kwenye kijikaratasi chake niliandika "Kahawa". Nikaona aibu.

Binti akaenda mbio. Ilibaki robo saa, na ofisi si mbali. Nilitaka kujimiminia nipate haki ya kusema. Birika likatoa mashapo matupu.

Tulibaki tukiitazama barabara mpaka saa saba kasorobo. Mwisho Spika akasafisha koo, na sauti ya kengele haikuwamo.

Spika: Kuna hoja moja mbele ya Bunge. Wanaoafiki kwamba Dakika ndiye amuulize mzee jina lake?

Mikono mitatu ikapanda juu. Nilipogeuka nilimwona mzee anakata kona, anatupungia nakala ya barua iliyogongwa mhuri, anacheka, anatuita mmoja mmoja kwa jina.