Nilificha Maradhi Yangu Mpaka Mkojo Ukagoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe hata kwa jambo ambalo miaka yote niliona haya kulitamka.

Mimi ni Yakobo, mkata mkonge wa hapa Kibaha. Kwetu Usukumani sikutahiriwa. Nilipomwoa Tabea, binti wa huku Pwani, kijiji cha Mzenga, nikakuta wanaume wa huku wote wamepita jandoni. Nikanyamaza. Nikawa naoga peke yangu.

Kisha ngozi ya mbele ikaanza kukaza. Ikapasuka, ikapona kwa kovu, ikakaza zaidi. Mkojo ukawa mwembamba kama uzi. Nikapaka majani, nikaomba, nikanyamaza.

Ndugu zangu, asubuhi moja mkojo ukagoma kabisa! Tumbo likajaa kama ngoma. Homa ikanichukua nikiwa kazini shambani. Mistari ya mkonge ikawa inaelea kama maji, nami natembea juu yake bila miguu. Nikamsikia marehemu mama yangu akiniita.

Kumbe ni Tabea.

"Baba Eliya, unaficha nini? Mimi mkeo nimejua tangu siku ya kwanza. Inuka!"

Tangu siku ya kwanza! Nililia.

Akanipeleka kwa dresa wetu, mhudumu wa zahanati ya shamba. Yule mzee alinitazama, hakucheka. "Hili si la kupaka dawa hapa. Njia ya mkojo imeziba. Panda lori la mkonge, uende hospitali Dar es Salaam sasa hivi." Akaniandikia barua.

Nikalala juu ya marobota, mawingu yakipita polepole, Tabea amenishika mkono. Huko daktari akafungua njia, mkojo ukatoka. Siku chache baadaye wakanipa nusukaputi ili wanitahiri. Nikazama katika usingizi mweupe, laini kama usufi, nisijue kama ningali duniani. Nilipoamka nikakojoa mwenyewe, nikacheka kama mwehu. Haleluya!

Sisemi kila mtu akatwe. Wokovu hauko katika ngozi. Lakini ngozi ikikaza, au ikirudi nyuma ikakataa kurejea, ukiona damu au kidonda kisichopona, nenda kwa dresa. Mkojo ukiziba, usingoje hata jioni!

Namshukuru Mungu aliyenipa Tabea. Mtumainini yeye aliyeumba kila kiungo chetu. Hakuna hata kimoja anachokionea haya. Na kama yupo hapa anayenyamaza, anikute nje baada ya ibada. Tutakwenda wote kwa dresa.